Beit al-Ajaib iliporomoka kwa sababu ya chokaa? Jibu kwa mwalimu mwenye nyumba ya urithi Kiponda

"Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari hapa Unguja. Wanafunzi huniuliza mara kwa mara kuhusu Beit al-Ajaib, na ninapowajibu hujikuta nikirudia mambo niliyoyasikia tu: kwamba ndimo alimoishi sultani, kwamba Waingereza waliibomoa kwa mizinga mwaka 1896, na kwamba chini ya kila nguzo alizikwa mtumwa ili jengo liwe imara. Kama lilikuwa imara kiasi hicho, mbona upande wake wa mbele uliporomoka Desemba 2020? Nina sababu nyingine ya kuuliza. Familia yetu ina nyumba ya urithi Kiponda, ya mawe na boriti, na kuta zake zimeanza kumomonyoka. Fundi anasema chokaa ndiyo iliyoiangusha Beit al-Ajaib, na anatushauri tubandue lipu yote tupige saruji. Je, tumsikilize?"

Mwalimu, ukiyatazama vizuri, maswali yako yote yanaelekea mahali pamoja. Unataka kujua kama ujenzi wa wazee wetu, wa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, umeonyesha udhaifu wake mbele ya macho ya ulimwengu, na kama familia yako inaishi ndani ya udhaifu huo huo. Jibu langu ni hapana, ingawa hofu ya fundi wako haikutoka hewani. Sehemu kubwa ya maradhi ya Beit al-Ajaib imetokana na vile vitu vipya vilivyoifanya iitwe nyumba ya maajabu, pamoja na maji yaliyoachwa yakaingia kwa miaka mingi. Nyumba yenu ya Kiponda yaelekea haina vitu hivyo, lakini maji inayo.

Tuyatenganishe kwanza majumba yenyewe, kwa sababu karibu kila mtu huyachanganya. Mbele ya bandari ya Mji Mkongwe palikuwa na majumba matatu ya kifalme yaliyosimama bega kwa bega. La kale zaidi ni Beit al-Sahel, lililojengwa kati ya mwaka 1827 na 1834 katika zama za Seyyid Said bin Sultan, na hilo ndilo lililokuwa makazi. La pili lilikuwa Beit al-Hukm. La tatu ndilo Beit al-Ajaib, lililojengwa na Sultani Barghash bin Said mwaka 1883, mahali ambapo inaelezwa kwamba karne ya 17 palikuwa na jumba la Malkia Fatuma. Barghash hakuijenga ili alale humo. Ilikuwa nyumba ya heshima ya dola, ya kupokelea wageni na kufanyia sherehe, na iliunganishwa na majumba jirani kwa njia zilizoezekwa zilizopita juu ya usawa wa barabara, ili wanawake wa nyumba ya kifalme waweze kuvuka bila kuonekana na wapita njia. Kwa hiyo mwanafunzi akiuliza sultani alikuwa akiishi wapi, mwelekeze kwenye jumba jeupe lililo kaskazini ya bustani, lile ambalo tangu 1994 ni makumbusho ya historia ya masultani wa Zanzibar.

Habari ya mizinga ni ya kweli, ila imehamishiwa jengo lisilokuwa lake. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti 1896, na Khalid bin Barghash akaingia kasri na kujitangaza sultani bila ridhaa ya Waingereza, ambao tangu 1890 walikuwa wameifanya Zanzibar kuwa himaya yao. Walimpa muda hadi saa 3 asubuhi ya tarehe 27, naye hakutoka. Meli za kivita zikafyatua mizinga, na kwa muda usiozidi dakika 45 mambo yalikwisha, huku watu wapatao 500 wa upande wa Khalid wakiwa wameuawa au kujeruhiwa. Beit al-Hukm iliangamia na haikujengwa tena; bustani unayoiona leo kati ya majumba mawili yaliyobaki ndipo ilipokuwa. Beit al-Sahel iliharibiwa vibaya, na jengo lililopo sasa lilijengwa upya baada ya hapo. Beit al-Ajaib, ambayo watu husema ilibomolewa, ndiyo iliyopata madhara madogo kuliko zote. Mnara wa taa uliokuwa mbele yake ndio ulioharibika, na katika matengenezo ya mwaka 1897 mnara mpya wa saa ukaunganishwa na uso wa jengo lenyewe. Likumbuke jambo hili, kwa maana nitalirudia: uso ule wenye mnara tuliouzoea kwenye picha na kadi za posta si uso aliouacha Barghash.

Kuhusu watumwa waliozikwa chini ya nguzo, mimi kama mtu wa majengo naweza kukuambia kwamba mwili wa binadamu ndani ya msingi hauongezi nguvu yoyote. Ukishaoza unaacha uwazi, na uwazi chini ya nguzo ni balaa ambayo hakuna mwashi angeitafuta kwa hiari yake. Nguzo zenyewe ni za chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu; ziliagizwa ng'ambo na kuletwa kwa meli. Hata hivyo nakuomba usiishie kuwaambia wanafunzi kwamba "ni hadithi tu" kisha ukaendelea na somo. Mkataba ambao Barghash alilazimika kuutia saini mwaka 1873 ulipiga marufuku biashara ya watumwa baharini na kulifunga soko la mjini, lakini utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa na sheria hadi mwaka 1897. Karafuu zilizoijaza hazina ya masultani zilichumwa na watumwa, na pembe za ndovu zilizosafirishwa kutoka bandari ile zilikuja kutoka bara kwa misafara iliyokuwa na damu mikononi. Jumba lilijengwa miaka kumi baada ya mkataba, na miaka kumi na minne kabla ya sheria kuuondoa utumwa. Masimulizi ya watu yamekosea mahali mateso yalipokuwa. Hayakukosea kwamba yalikuwapo.

Sasa tuingie kwenye ufundi. Nyumba ya kawaida ya Mji Mkongwe hujengwa kwa kuta nene za mawe ya matumbawe, nusu mita au zaidi, zenye nyuso mbili za mawe yaliyopangwa na katikati kifusi cha mawe madogo, udongo mwekundu na chokaa. Juu ya kuta hulazwa boriti za mikoko, juu yake vipande vya mawe, kisha tabaka la chokaa lililopigwa na kugandamizwa mpaka likawa sakafu. Boriti ndiyo inayoamua kila kitu. Mkoko hauna urefu wa kutosha kuvuka nafasi pana bila kupinda, ndiyo maana vyumba vya zamani, hata vya matajiri, ni virefu lakini vyembamba, upana wake ukiwa takriban mita mbili na nusu hadi tatu. Mtu aliyetaka ukumbi mpana alikuwa hana njia.

Barghash alitaka njia. Baada ya uasi wa mwaka 1859 dhidi ya kaka yake Majid alikuwa amepelekwa uhamishoni Bombay, na mwaka 1875 alizuru Uingereza. Miji hiyo yote miwili ilikuwa imekwisha kuzoea chuma katika ujenzi. Yeye ndiye aliyeuletea mji maji ya mifereji, ndiye aliyejenga hamamu ya Hamamni na kasri la Maruhubi, na Beit al-Ajaib ndiyo kilele cha tamaa yake ya kuonyesha kwamba Zanzibar ni dola miongoni mwa dola. Mihimili ya chuma iliingizwa pamoja na mawe, chokaa na boriti, na dari nyingine zikawa za zege. Nguzo za chuma cha kusubu zikabeba roshani pana zinazolizunguka jengo, ghorofa juu ya ghorofa, huku ndani kukiwa na ua mkubwa uliofunikwa na kuzungukwa na kumbi za wazi. Sakafu ziliwekwa marumaru kutoka nje, na milango ya mbao ikanakshiwa aya za Qur'ani. Lilikuwa jengo kubwa na refu kuliko yote mjini, la kwanza Zanzibar kuwa na umeme, na baadaye la kwanza Afrika Mashariki kuwa na lifti ya umeme. Wageni wengi hulisifu kama jengo la Kiarabu, wengine la Kizungu. Kwa maoni yangu halifanani sawasawa na jengo lolote la Muscat wala la London, na hilo ndilo linalolifanya listahili kuhifadhiwa: ni jaribio la mtawala mmoja na mafundi wengi, lililofanywa hapa hapa, kwa vitu viwili ambavyo havijawahi kukutana kwa ukubwa ule katika pwani hii.

Na ugumu unaanzia hapo hapo. Chokaa na matumbawe ni ndugu wa damu. Chokaa hupatikana kwa kuchoma matumbawe, kisha kuizima kwa maji. Ikishawekwa ukutani hunyonya hewa ya ukaa taratibu na kurudi karibu na hali ya jiwe ililotoka. Ukuta wa namna hiyo ni laini, hunyonya unyevu na kuutoa, na ukipata mtikisiko mdogo hujipatia nyufa ndogo ambazo mara nyingine chokaa yenyewe huziziba. Chuma hakina tabia hiyo. Kinapokuwa kipya ndani ya chokaa hulindwa, kwa sababu chokaa ina ukali wa kialkali unaozuia kutu. Lakini kadiri chokaa inavyozidi kunyonya hewa ya ukaa ndivyo ukali huo unavyopungua, na upepo wa bahari huleta chumvi, na chumvi ni adui mkubwa wa chuma. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mara kadhaa zaidi. Kwa hiyo mhimili unaooza ndani ya dari hupoteza nguvu na, wakati huo huo, hutanuka na kulipasua zege na mawe yanayouzunguka. Ufa unaingiza maji, maji yanaongeza kutu, na kutu inapanua ufa.

Paa likivuja, mwendo huo huenda mbio. Nao uangalizi wa jengo hili haukuwa wa mkono mmoja. Kuanzia 1911 lilikuwa ofisi za serikali ya kikoloni, baada ya Mapinduzi ya 1964 likatumiwa na serikali na chama cha Afro-Shirazi, na miaka ya mwanzo ya 2000 likawa makumbusho ya historia na utamaduni wa Zanzibar na pwani ya Waswahili, ambamo mfano wa mtepe, jahazi la kushonwa kwa kamba, uliwekwa katika ule ua wa ndani. Mwaka 2012 kona moja ya roshani ilianguka na jengo likafungwa kwa umma. Ilikuwa ishara ya wazi kabisa, lakini miaka mingi ikapita. Tarehe 25 Desemba 2020, wakati wa ukarabati uliogharamiwa na Serikali ya Oman, sehemu kubwa ya upande wa mbele pamoja na mnara wa saa iliporomoka, na watu wawili wakapoteza maisha.

Kutamka ni kiungo gani hasa kilichokatika asubuhi au jioni ya ajali ni kazi ya waliochunguza kifusi, si ya mtu anayeandika akiwa mbali. Ninachoweza kukuonyesha ni kwamba upande ulioanguka ndio ule niliokuomba uukumbuke: unaotazama bahari na kupokea chumvi kwanza, uliobeba mnara ulioongezwa baadaye, na ambao roshani zake zinategemea chuma kwa kiasi kikubwa. Tena jengo la aina hii huwa hatarini zaidi linapokarabatiwa kuliko linapoachwa, kwa sababu kwa miaka mingi uzito umekwisha kujitafutia njia mpya za kushuka, na fundi anapoondoa kipande kinachoonekana kibovu anaweza kuwa anaondoa kile kile kilichokuwa kimeushika. Hilo nalo likumbukeni kabla hamjaruhusu mtu kuanza kubandua ukuta wenu.

Kwa hiyo fundi wako amegeuza mambo. Majumba ya chokaa na boriti yasiyo na chuma yamesimama Mji Mkongwe kwa zaidi ya miaka 150, mengine bila matunzo ya maana. Yanayoanguka, na kweli kila masika tunasikia moja limeanguka, kwa kawaida huangushwa na maji: paa lililotoboka, bomba lililopasuka ndani ya ukuta, choo kilichoongezwa ghorofani bila kuzuiwa maji, au tanki lililowekwa juu ya sakafu ambayo boriti zake hazikukusudiwa kubeba uzito huo.

Nimtetee kidogo fundi, maana si mjinga. Saruji inapatikana kila duka, hukauka haraka, kila mwashi anaijua, na kwa mwaka mmoja au miwili ukuta huonekana mpya. Chokaa inataka muda. Inapaswa kuzimwa vizuri na kulowekwa, ipigwe kwa tabaka nyembamba, ifunikwe isikauke ghafla juani, na mafundi wanaoijua ni wachache na hawafanyi kazi kwa bei ya chini. Lakini lipu ya saruji juu ya ukuta wa matumbawe ni kama kumvisha koti la mpira mtu anayetoka jasho. Unyevu unaopanda kutoka ardhini, au ulioingia kwa juu, hauna tena pa kutokea. Chumvi hugandia nyuma ya lipu na kuisukuma, chokaa ya ndani hulainika na kuwa vumbi, ncha za boriti zilizoingia ukutani huoza gizani, na wewe huoni chochote mpaka lipu idondoke na vipande vya ukuta vikiwa vimeshikana nayo. Huko kumomonyoka mnakokuona sasa, mara nyingi ukichimba kidogo utakuta pamewahi kupigwa saruji huko nyuma.

Mngefanya nini basi? Kama fedha ni kidogo, na katika familia nyingi za urithi huwa kidogo na wenye sauti huwa wengi, msianze na lipu hata kidogo. Anzeni na paa, mifereji ya mvua na mabomba. Nyumba iliyokauka yenye ukuta mbaya ina maisha marefu kuliko nyumba mbichi yenye lipu nzuri. Baada ya msimu mmoja wa mvua bila kuvuja, ndipo mbandue saruji ya zamani kwa uangalifu, sehemu ndogo ndogo, mjaze mawe yaliyotoka kwa mawe na chokaa, na kupiga lipu ya chokaa sehemu zile zilizo mbovu tu. Boriti iliyooza ibadilishwe kwa boriti. Watu wengine watawashauri kumwaga sakafu ya zege badala yake. Uzito wake ni mkubwa kuliko kuta zenu zilivyozoea, na nondo zake zitawaletea katika nyumba yenu yale maradhi ya kutu niliyoyaeleza. Kuna hali chache ambamo mhandisi anaweza kuamua chuma kinahitajika, kwa mfano kufunga kuta mbili zinazoachana, lakini huo uwe uamuzi wake baada ya kupima, na achague chuma kisichoshika kutu.

Zipo dalili ambazo ukiziona hupaswi kusubiri ushauri wa kuandikiana. Ukuta uliovimba tumbo, ufa unaopita kutoka ghorofa hadi ghorofa au unaopanuka kati ya mwezi na mwezi, sakafu inayozama ukikanyaga katikati, ncha ya boriti ambayo kisu kinaingia bila nguvu, au vumbi linaloshuka darini bila sababu baada ya mvua kubwa. Hapo hamisheni watu kutoka vyumba vinavyohusika, na msiruhusu mtu yeyote kubandua wala kugonga kitu, kisha mwiteni mhandisi wa miundo mwenye uzoefu wa majengo ya mawe. Mamlaka ya Mji Mkongwe lazima ihusishwe kwa vyovyote vile. Kiponda iko ndani ya eneo la hifadhi, ambalo tangu mwaka 2000 limo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na matengenezo yanahitaji kibali. Najua wengi huiona Mamlaka kama kikwazo, lakini wakaguzi wake wameziona nyumba nyingi kama yenu, na mtu aliyeona nyumba mia za aina moja anatambua hatari ambayo fundi wa mtaani hawezi kuitambua. Kabla hawajafika, wekeni alama ya penseli mwishoni mwa kila ufa na tarehe pembeni yake, na mpige picha. Mhandisi ataitaka habari hiyo kuliko habari nyingine yoyote.

Kuhusu wanafunzi wako, ulizia kwanza kama Beit al-Sahel iko wazi siku mnayokusudia, kwani majumba haya hufungwa kwa matengenezo. Mkiingia, waonyeshe chumba cha Seyyida Salme, binti wa Seyyid Said aliyeondoka Zanzibar mwaka 1866, akaolewa na Mjerumani, na kuchapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886. Waonyeshe pia samani zilizobandikwa Formica, zile karatasi ngumu za plastiki, ambazo huwashangaza watu waliotarajia dhahabu. Binafsi naziona ndizo zinazosema kweli kuhusu masultani wa mwisho chini ya himaya ya Kiingereza kuliko viti vya fahari. Karibu na jumba pana makaburi ya kifalme, na kati yake kaburi la Seyyid Said, ambalo jengo lake lilianzwa na mwanawe Majid na halikumalizika. Kisha wapeleke bustanini, wasimame palipokuwa na Beit al-Hukm, na uwaulize kabla hujawaeleza lolote kwa nini pana bustani hapo na si jumba.